Shajara ya likizo: riwaya, rangi za maji na matembezi ya familia

Jumatatu

Mradi ni huu: kabla shule hazijafunguliwa, nyumba yetu iwe na daftari moja nene lenye picha za yale tuliyoyasoma na kule tulikokwenda. Kila kiangazi tunasoma riwaya, tunachora, tunatoka pamoja, lakini kila jambo linakwenda kivyake. Mimi nazama kitabuni, binti yangu anajifungia na rangi zake, baba watoto anazunguka nyumba nzima akitafuta wa kutoka naye. Mwaka huu nataka mambo hayo matatu yakutane kwenye karatasi moja, na shajara hii ni ya kufuatilia kama yanakutana kweli.

Tuko watano. Kifungua mimba ana miaka 12, anachora tangu alipojua kushika penseli. Kitinda mimba ana miaka 7, ndio kwanza anaanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Baba yao ni mtu wa kutembea, kukaa hakumfai. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Bibi, macho yake yamechoka lakini sikio lake halipitwi na neno. Kwa ajili yake tumeamua kwamba riwaya moja itasomwa kwa sauti kila jioni, sote tukiwapo. Vitabu vya pembeni, kila mtu na chake.

Nimepiga hesabu ya muda, maana likizo ni fupi kuliko inavyoonekana siku ya kwanza. Maneno 120 kwa dakika ni mwendo mzuri wa kusoma kwa sauti: haumchoshi msomaji, haumpotezi msikilizaji. Kwa mwendo huo riwaya ya maneno 60,000 inachukua saa nane na dakika ishirini. Nusu saa kila jioni, inaisha kwa majuma mawili na siku chache. Kwa hiyo tunaweza kusoma riwaya mbili bila kukimbizana, na jioni kadhaa za kupumzika zikabaki.

Ya kwanza inahusu familia inayohamia nyumba kuukuu. Nimeichagua kwa sababu sura zake ni fupi na zina mahali pa kuchora: ngazi, vyumba, bustani iliyoachwa.

Jumatano, vifaa

Karatasi kwanza, rangi baadaye. Ningepewa nafasi ya kumwambia anayeanza neno moja tu, ningemwambia hilo. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita mraba. Ikipata maji inavimba na kujikunja, na rangi inatuama kwenye mabonde. Karatasi ya rangi za maji inayotumiwa na wengi ni ya gramu 300. Hata hiyo hujipinda ikilowa sana, ndiyo maana tunaibandika kingo zote nne kwenye ubao kwa utepe wa karatasi, na haitoki hapo mpaka ikauke kabisa. Karatasi iliyotengenezwa kwa pamba inakaa na unyevu muda mrefu kuliko ya nyuzi za miti, na inavumilia kusuguliwa. Tumeweka ya pamba kwa picha za daftari, ya miti kwa mazoezi. Watoto wamepewa ruhusa ya kumaliza ya mazoezi bila kuulizwa, na nimeona mkono unavyolegea mtu akijua karatasi haihesabiwi.

Rangi tumebakiza sita: njano mbili, nyekundu mbili, bluu mbili. Katika kila jozi moja ina joto na nyingine ina ubaridi. Sababu iko kwenye kuchanganya. Ukitaka zambarau safi, chukua nyekundu inayoelekea waridi na bluu inayoelekea zambarau. Ukichukua nyekundu inayoelekea chungwa na bluu inayoelekea kijani, njano imeshajificha ndani ya zote mbili, na unachopata ni hudhurungi. Kifungua mimba ametengeneza jedwali la michanganyiko yote, kila mraba umeandikwa kwa penseli umetoka wapi. Jedwali hilo ndilo ukurasa wa kwanza wa daftari letu.

Kitinda mimba alitaka kujua rangi imetengenezwa na nini. Ndani ya kila kidonge mna unga wa rangi na gundi ya mgunga, ambayo Sudan huvuna nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Gundi hiyo ikikauka huyeyuka tena kwa maji, kwa hiyo kidonge kilichokaa kabatini tangu mwaka jana huamka kwa matone mawili. Nikamweleza na ya bluu ya ultramarini, jinsi ilivyokuwa ikisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, ikawa ghali mno kwa wachoraji wengi. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa njia nyepesi, na mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Tangu siku hiyo mtoto anaitumia ultramarini kwa heshima. Anafuta brashi vizuri kwanza ndipo aiguse.

Alhamisi

Jambo dogo litakalochukua likizo nzima: tumepaka mistari ya kila rangi kwenye kipande cha karatasi, tukafunika nusu kwa kadibodi nzito, tukakibandika dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa. Nusu iliyo wazi ikilinganishwa na nusu iliyofunikwa itatuambia rangi gani zinapauka. Nimeongeza mistari miwili nje ya zile sita: waridi inayong'aa anayoipenda kitinda mimba, na nyekundu ya alizarini iliyokuwa kwenye kisanduku cha zamani. Alizarini ilitolewa kwenye mizizi ya mmea kwa karne nyingi, hadi wakemia wa Ujerumani walipoitengeneza maabara mwaka 1868. Picha ya mwanangu isipauke kabla yeye hajakua. Hilo ni la msingi kwangu.

Jumamosi, mtoni

Matembezi ya kwanza. Tulibeba ubao, makopo ya maji, brashi, kila kitu. Nilitaka sana kuchora papo hapo, kwa sababu hadithi ya wachoraji kutoka nje naipenda. Kabla ya 1841 rangi ya mafuta iliyokwisha kusagwa ilikuwa ikihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe, na kuibeba safarini ilikuwa taabu. Mwaka huo John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, akapata hataza ya mrija wa bati unaobinywa, na rangi zikaanza kusafiri.

Lakini jua la kiangazi lina masharti yake. Rangi za maji zinataka muda wa kuwa mbichi ili tabaka mbili ziingiane taratibu. Pale ukingoni mwa mto karatasi ilikuwa inakauka nyuma ya brashi, kila mpigo ukiacha ukingo mgumu. Tukahamia kivulini, mambo yakawa afadhali. Karatasi nyeupe ikiwa juani inaumiza macho na kuipa picha mwangaza usio wake, kwa hiyo picha iliyoonekana sawasawa mtoni ilipofika nyumbani ilikuwa nzito, kama ya wakati wa magharibi. Anayechora nje aweke karatasi kivulini hata kama mwenyewe yuko juani.

Jambo la pili ni la familia. Kitinda mimba alikuwa amekwisha kuvua viatu.

"Mama, bado?"

"Bado kidogo mwanangu, rangi haijakauka."

"Lakini maji yako hapa."

Maji yalikuwa pale kweli. Mtoto amekuja mtoni kuingia mtoni. Matembezi ya familia yakigeuzwa kuwa kikao cha uchoraji cha mtu mmoja, wengine wanne wanakuwa walinzi wa mizigo. Hilo lazima lipate ufumbuzi, la sivyo mradi hauna maana.

Jumapili

Ufumbuzi nimeupata kwa Turner. J. M. W. Turner, Mwingereza aliyezifikisha rangi za maji mbali kuliko wengi, aliacha daftari za michoro takriban 300, na sehemu kubwa ya kilichomo ni penseli tupu. Safarini alichora mistari haraka, rangi akazipaka baadaye chumbani. Mtu wa kiwango chake aliridhika na penseli njiani!

Utaratibu mpya: tukifika mahali, dakika kumi za penseli kwa anayetaka, pamoja na maneno ya rangi pembeni. Kisha daftari linafungwa na tunaingia kwenye matembezi mazimamazima. Rangi ni za kesho yake, mezani, kwa utulivu. Baba watoto ameupokea kwa mikono miwili.

Jumanne

Utaratibu umejaribiwa kwenye bustani ya mimea, na umeleta kitu ambacho sikukitarajia. Nanukuu maneno ya kifungua mimba pembeni mwa mchoro wake wa bwawa, kama alivyoyaandika: "Maji karibu kahawia, mbali fedha. Chini ya daraja kijani cheusi. Kivuli cha mti zambarau, si nyeusi. Jani moja limekwama, linazunguka."

Jioni nilipoanza sura ya nne, pale familia inapoiona nyumba mara ya kwanza, mwandishi anataja vitu vitatu tu: lango lililolegea bawaba, dirisha moja lililo wazi na majani yaliyojaa kwenye ngazi. Binti yangu akanikatiza.

"Mama, huyu naye alikuwa na daftari."

Nikaweka kitabu chini, tukazungumza mpaka muda wa kusoma ukatuishia. Kwa nini lango na si paa? Kwa nini dirisha moja wakati nyumba bila shaka ina mengi? Kwa maoni yake, mwandishi alisimama mahali akaangalia, akachukua kile ambacho angeweza kukikumbuka baada ya kuondoka. Mimi naongeza kwamba vitu hivyo vitatu vina habari ndani yake: bawaba imelegea kwa sababu hakuna wa kuikaza, dirisha liko wazi kwa sababu kuna mtu. Mtoto wa miaka 12 aliyeshika penseli mchana ameisoma aya hiyo kwa namna ambayo asingeisoma kama angekaa ndani siku nzima.

Hapa naona mradi umeanza kupumua.

Ijumaa

Siku mbili za mvua. Tumesoma, tumelala, tumesoma tena. Sina la kuandika zaidi ya kwamba sura zimekwenda mbele na hakuna aliyenung'unika.

Jumamosi, chumba cha juu

Leo kila mtu alichora chumba cha juu cha nyumba ya kwenye riwaya, bila kuangalia cha mwenzake. Tuliisoma aya mara moja kisha tukatawanyika. Bibi hachori, yeye akawa hakimu.

Matokeo yalikuwa vyumba vinne visivyofanana. Kwangu mlango uko kushoto, kwa baba watoto hakuna mlango kabisa. Kifungua mimba amejaza mwanga wa asubuhi, mimi nilikuwa na hakika ni jioni. Kitinda mimba amechora kitanda kikubwa kuliko chumba.

Bibi aliomba aya isomwe tena. Aliweka mikono mapajani, akafumba macho, na kila kitu kilipotajwa alikunja kidole kimoja. Kitanda cha chuma. Blanketi lililokunjwa. Kiti. Kikombe juu ya kiti. Akafumbua macho akauliza, "Nani kachora kikombe?" Hakuna. Sote tulikisikia, hakuna aliyekichora. "Basi hapo ndipo pana jambo," akasema, "maana hakuna mwenye nyumba anayekaa na kikombe kimoja kwenye kiti miaka yote hiyo." Baada ya sura mbili ikaonekana kwamba Bibi ndiye aliyeshika uzi wa hadithi mapema kuliko sisi wote.

Nafikiri kusikiliza bila kuona kitabu kunampa nafasi ambayo sisi hatuna. Jicho langu huruka mistari kutafuta mazungumzo. Yeye hawezi kuruka, kila neno linapita kwake kwa mwendo uleule. Kuanzia leo picha yoyote ya riwaya inapita kwa Bibi kabla ya kuingia kwenye daftari. Anauliza kilichomo, tunamweleza, naye anatuambia kilichosahaulika.

Jambo la mwanga pia nimelichunguza. Mwandishi hakusema ni saa ngapi. Ameliacha wazi, na kila mmoja wetu ameliziba kwa alichonacho. Si upungufu wa aya hiyo. Ndiyo nafasi aliyoachiwa msomaji aingie.

Jumatatu, kijani

Kijani kimetusumbua. Picha za bustani ya mimea zilitoka na kijani kinachopiga kelele, majani yote ya rangi moja kana kwamba yametoka kwenye chupa. Tumerudi kwenye jedwali la ukurasa wa kwanza, tukatoka nje tukashika majani halisi.

Jani linaloangaliwa kutoka juu linarudisha mwanga wa anga, kwa hiyo linaelekea bluu au hata kijivu. Jani hilohilo likiwa kati yako na jua, mwanga unalipenya na linakuwa njano-kijani yenye uhai. Mti mmoja, rangi mbili zilizo mbali kabisa. Tukichanganya kijani sasa tunaanza na njano na bluu, halafu tunagusia nyekundu kidogo sana ili kitulie. Nyekundu na kijani zikikaa bega kwa bega zinatiana nguvu, lakini zikichanganywa zinapozana.

Huko kukaa bega kwa bega kuna kisa kizuri ambacho niliwasimulia tukiosha brashi. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, alipewa mwaka 1824 usimamizi wa rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Akachunguza nyuzi akakuta hazina tatizo. Tatizo lilikuwa majirani: rangi zilizofumwa kando yake zilibadili jinsi jicho linavyouona weusi. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha 1839, na wachoraji wengi wameyatumia tangu hapo.

Binti yangu akalihamishia kwenye kitabu chake cha pembeni, bila mimi kumsukuma. Anasoma visa vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeingia kwenye riwaya ya Kiswahili kwa kitabu cha mwaka 1960. Anasema Bwana Msa anaonekana mtulivu zaidi kwa sababu anawekwa karibu na watu wenye papara. Picha yake ya Bwana Msa imekwisha: kiko cha tumbaku mkononi, nyuma yake watu wamechorwa kwa mistari ya chungwa inayokimbia, yeye peke yake yuko ndani ya bluu iliyotulia. Ni picha bora kabisa ya daftari mpaka sasa, nasema hivyo bila upendeleo wa mama.

Alhamisi

Mjadala wa chakula cha jioni: picha ifuate maneno au inaweza kwenda zake? Baba watoto anasema picha ya riwaya ikiongeza kitu kisichoandikwa imedanganya. Kifungua mimba anasema ikirudia kilichoandikwa haina kazi.

Niliwaletea mfano wa mwaka 1836. Riwaya ya kwanza ya Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, ilitoka kwa sehemu za kila mwezi, na mpango wa awali ulikuwa picha za mchoraji Robert Seymour zitangulie na maneno yazifuate. Kila sehemu ingekuwa na picha 4 na kurasa 24. Seymour akafariki mwanzoni kabisa mwa kazi. Dickens akaomba mpangilio ubadilike, picha zikawa 2 na kurasa zikapanda hadi 32. Maneno yakashika usukani, na picha zikabaki kama mwenzi wa safari. Kila upande ulidai mfano huo unamuunga mkono.

Mimi niko upande wa binti yangu. Picha iheshimu kilichotajwa, yaani kikombe kiwepo, lakini pale mwandishi alipopaacha wazi, mchoraji ana haki ya kuingia kama msomaji mwingine yeyote.

Jumapili, kilimani

Matembezi yaliyonifurahisha kuliko yote. Bibi alikuja, tulichagua njia inayopanda polepole na yenye mahali pa kukaa. Baba watoto alimshika mkono njia nzima, na kitinda mimba akawa anatangulia na kurudi kutoa taarifa ya kilicho mbele.

Juu tulikuta mbele yetu safu tatu za vilima. Ya karibu kijani, ya kati kijani iliyopauka ikielekea bluu, ya mbali bluu nyepesi inayokaribia anga. Hewa iliyo kati ya jicho na kilima hutawanya zaidi mwanga wa bluu, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo bluu inavyoongezeka. Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, aliueleza utawanyikaji huo mwaka 1871, ndio uleule unaolipa anga rangi yake. Kwa mchoraji maana yake ni nyepesi kutumia: cha mbali kipunguzie joto na kipunguzie tofauti ya kivuli na mwanga, kitarudi nyuma chenyewe.

Bibi aliuliza nini kinaonekana. Kitinda mimba akaanza kutaja kila kitu: mti, mti, nyumba, barabara, gari, mti. Bibi akamzuia kwa upole. "Nipe vitatu tu, mjukuu wangu, vya kunitosha." Mtoto akanyamaza, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiangalia kitu. Kisha akasema: "Barabara imepinda halafu imepotea. Kuna moshi mmoja. Kilima cha mwisho kama hakipo."

Niliandika maneno yake pembeni mwa mchoro wangu na sikuongeza la kwangu hata moja.

Jumatatu

Nimepaka rangi picha ya kilimani. Kwenye rangi za maji zinazopitisha mwanga, nyeupe ni karatasi yenyewe. Hakuna ya kuongeza mwishoni. Unaamua mwanzo kabisa ni wapi brashi haitafika. Kwa hiyo kabla ya tone la kwanza nilizungushia kwa penseli hafifu moshi na kipande cha barabara kinachopata jua, nikavizunguka. Anga nililipaka karatasi ikiwa mbichi, ultramarini nzito juu ikififia kuelekea upeo, kisha nikainua ubao ili rangi iteremke yenyewe. Rangi ya maji inakauka ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo niliiacha izidi kidogo ya nilichotaka.

Kinachochukua muda ni kungoja. Tabaka likiwa halijakauka vizuri na ukaongeza tone, maji mapya yanaisukuma rangi ya zamani na kufanya alama yenye kingo za maua. Nilisoma sura nzima ya kitabu changu cha pembeni kati ya tabaka la pili na la tatu. Hapo ndipo riwaya na uchoraji vinapokaa vizuri pamoja mezani: kimoja kinahitaji nusu saa ya kutoguswa, kingine kinahitaji nusu saa ya kutosumbuliwa.

Miti mingi niliyoiona sikuiweka. Moshi upo, barabara ipo, kilima cha mwisho kipo kidogo sana. Bibi alipoelezewa picha alisema vinatosha.

Jumatano, juma la mwisho

Kipande cha dirishani kimeteremshwa. Nusu iliyokuwa wazi ya waridi inayong'aa imebaki kivuli cha ilivyokuwa. Alizarini imefifia, hasa pale ilipopakwa nyepesi. Ultramarini haina tofauti ya kuonekana kwa macho. Kitinda mimba aliumia kwa ajili ya waridi yake, tukakubaliana: ataitumia kwenye daftari lake la mazoezi, na picha zake za daftari kubwa zitatumia nyekundu ya baridi inayodumu. Kipande chenyewe tumekibandika ukurasa wa mwisho, tarehe pembeni.

Riwaya ya pili imebaki sura chache. Msomaji wa jioni sasa ni kifungua mimba, na ukurasa mmoja kila siku unasomwa na mdogo wake. Anasoma polepole, Bibi hamharakishi, na akikwama kwenye neno refu analigawa vipande hadi linakubali.

Kazi iliyobaki ni kujalidi. Karatasi ya gramu 300 inakunjika vibaya ikilazimishwa, kwa hiyo hatukunji picha zenyewe. Kila picha inagundishwa ukingo mmoja kwenye ukanda wa karatasi nyepesi, na kanda hizo ndizo zinazoshonwa pamoja. Ukanda ukunjwe kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Ukikunjwa kinyume, mkunjo unavunjika na daftari halilali vizuri likifunguliwa. Baba watoto amechukua jukumu la kutoboa na kushona, ameshapima nafasi za matundu na kukata uzi. Picha ya chumba cha juu tumeirudia sote wanne, kikombe kikiwepo, na zote zitaingia zikifuatana, na mwanga tofauti kila moja.

Jumamosi tunamaliza mishono. Jumapili Bibi anachagua riwaya ya kusomwa jioni za mwisho wa juma shule zikishafunguliwa, na ameshasema anataka yenye bahari. Ultramarini imebaki robo ya kidonge, nimeagiza nyingine.